Nyumba Mezani, Vyeti Kabatini

Nyumbani,
Jumanne, 4 Machi

Mume wangu mdogo,

Mimi mzima, ila magoti yananitukana kila nikiinuka. Wewe sikuulizi hali, maana hata ukiwa unaungua utasema salama. Nimeamua kuandika kwa sababu simu yako ina akili sana: nikianza maneno ya maana mtandao unakatika, nikianza habari za kuku unarudi. Barua haikatiki. Nimempa dereva wa basi la asubuhi, nimemwambia isipofika mkononi mwako asinipigie honi tena akipita hapa.

Sasa kaa kitako nikuchekeshe. Jana kaja kijana mmoja, suruali imembana kama kaazima kwa mdogo wake, mkononi ana futi ya kamba. Ananiambia, "Bibi, nimekuja kuthamini nyumba." Nikajua papo hapo: watu wa kodi ya majengo. Nikamkaribisha kwa meno yote niliyobakiwa nayo.

Nikamwonyesha ufa wa nyuma ya jiko, nikamwambia ulianza kama uzi na sasa mjusi anapita na familia yake. Nikamwambia paa linavuja vyumba vyote, wakati wewe unajua linavuja kimoja tu, tena mpaka mvua ije na upepo. Nikamwambia asisimame pale, shimo la choo linadidimia. Akaruka! Nikamkonyeza Waya, huyu mpangaji wangu wa chumba cha uani, binti fundi umeme aliyesoma hapo chuoni kwako, naye akaenda akazima swichi kubwa. Kijana akauliza, "Umeme hamna?" Nikamjibu, "Umeme hapa tunausikia kwa jirani." Akauliza wapangaji. Nikasema nani apange kwenye gofu hili, labda popo.

Akaandika, akaandika, akanipa pole. Nikajikohoza kidogo ili aondoke na huzuni. Wakitaka kunipandishia kodi mwaka huu, na wapandishe.

Waya nilimnunulia soda kwa kazi nzuri, lakini isimpande kichwani. Huu ni mwezi wa tatu mfululizo ananilipa pole badala ya pango. Nimempa mpaka mwisho wa mwezi, asipolipa avute godoro lake. Na hili nakuuliza wewe mwenye chuo: mnawafundisha nini hawa watoto, kama wanamaliza halafu wanakaa uani kwangu kutazama kuku? Kazi anaijua, nimemwona kwa macho yangu. Kuajiriwa ndiyo haajiriwi.

Njoo unione. Sikuzeeka ili nitazamwe kwenye picha.

Bibi yako, mwenye nyumba mbovu kuliko zote mjini.


Chuoni,
Ijumaa, 7 Machi

Shikamoo Bibi,

Barua nimeipata. Dereva alisimama mlangoni mpaka nikaifungua mbele yake.

Bibi, umeniua. Yule kijana si wa kodi. Ametumwa na benki, na aliyeomba benki imtume ni mimi.

Ngoja nikueleze kabla hujaitupa hii karatasi. Wakaguzi wa vyuo walikuja mwezi wa kwanza. Karakana ya kuchomelea wameikataa. Wamesema wanafunzi wanagombania mashine kama wanagombania koki ya maji, wengine wanamaliza mwaka hawajashika moto. Wametupa mpaka mwisho wa Aprili tuwe na mashine za kutosha, la sivyo wanafuta usajili wa chuo chote, si karakana moja. Nimeomba mkopo wa kununua mashine. Benki wakataka dhamana. Mimi nina nini, Bibi? Majengo ya kupanga, viti, na ubao. Nikawapa nyumba yako.

Ile siku nilipochukua hati ya nyumba nikasema naitoa kopi isije ikaliwa na mchwa, ilikuwa kwa ajili hii. Nilitaka kwanza nijue kama watakubali, ndipo nikuambie. Nilijua ukisikia neno benki utapandwa na presha bure.

Sasa ripoti ya yule kijana imefika. Imeandikwa jengo lina hatari kwa wakaaji. Afisa mikopo amenicheka usoni.

Nakuomba, atarudi. Nimembembeleza arudi. Safari hii mwonyeshe nyumba jinsi ilivyo. Kisha utakuja benki mara moja tu kuweka kidole gumba, basi.

Mjukuu wako.


Nyumbani,
Jumapili, 9 Machi

Bwana Mkuu wa Chuo,

Leo sina mume.

Kwanza, kidole gumba kamwekee babu yako kaburini. Mimi naandika jina langu. Nilikwenda darasa la jioni na nywele zimeshaingia mvi, nikakaa benchi moja na watu wenye meno ya maziwa, ili mtu yeyote asinishike mkono na kunichovya kwenye wino. Barua zangu nani anakuandikia, jini?

Pili, umeniletea mtu anipime kuta bila kuniambia, kama ng'ombe anayeshikwa mbavu mnadani huku yeye anadhani anakunwa. Ningejua ni benki ningempikia chai. Ningemwonyesha msingi ulivyochimbwa, kimo cha mtu. Umenificha, nami nikakuharibia. Hilo lako, sibebi hata robo.

Hii nyumba unaijua au unaiona tu? Kila tofali lilipita kwanza chini ya sindano yangu. Nimeshona sare za shule za mji huu mpaka nikawa nawajua watoto kwa viuno vyao, siyo kwa sura. Baba yako kalala chini ya cherehani yangu akiwa mchanga, vipande vya kaptura ndiyo shuka lake. Shangazi yako akisikia imekwenda benki, atakuja hapa na begi na machozi, nimsikilize mpaka nife.

Nijibu, na usinizungushe. Benki wakikupa hizo hela, unazirudisha na nini? Chuo kinaingiza au kinaingizwa? Na kwa nini wasichukue hizo mashine zenyewe ziwe dhamana, wananing'ang'ania mimi?

Bibi.


Chuoni,
Alhamisi, 13 Machi

Shikamoo Bibi,

Nimekosa. Nakuomba radhi, na sirudii.

Umeuliza kwa nini wasishike mashine. Niliuliza hivyo hivyo. Afisa akaniambia mashine ya kuchomelea ikitumiwa na wanafunzi mwaka mmoja, ni chuma chakavu. Akaniambia, mtu wa duka nikimkopesha naona magunia yake, wewe naona vijana, na kijana hapigwi mnada.

Vyuo vya serikali vinaletewa mashine kwa lori na walimu wanalipwa kutoka hazina. Sisi binafsi tunaambiwa tuko huru. Uhuru wenyewe ndiyo huu. Ada inakuja mwanzo wa muhula, tena kwa vipande, mzazi analeta kidogo akishauza chochote. Benki inataka rejesho kila mwezi, iwe likizo, iwe jua, iwe mvua. Ndiyo maana wengi wamefunga. Jirani yetu wa chuo cha makenika amefunga mwaka jana, jengo sasa ni ukumbi wa harusi.

Lakini mimi nitarudisha. Mashine zikija, usajili unabaki, na nafungua darasa la jioni la watu wenye kazi zao, hao wanalipa taslimu. Isitoshe, kuna ada ambazo wanafunzi waliomaliza bado wanadaiwa. Ni nyingi. Benki wameziona kwenye vitabu wakaridhika, wamezihesabu kuwa ni mali ya chuo. Nyumba yako ni ya kukamilisha tu. Haitaguswa.

Mthamini atakuja tena Jumanne. Bibi, chuo hiki nilikianza na vyerehani vyako viwili na wasichana wanne. Usiniache njiani.

Mjukuu wako.


Nyumbani,
Alhamisi, 20 Machi

Bwana Mkuu,

Kijana wa futi alikuja. Nilimpokea kama mkwe. Nilipaka chokaa ukuta wa mbele, nikamkalisha kwenye kiti chenye kitambaa, nikamwambia mara ya kwanza nilikuwa na homa, nilikuwa naweweseka. Akanitazama hivi, akacheka, akasema, "Bibi, hata shimo la choo limepona?" Nikamwambia limepona. Akalikanyaga. Ni kijana mzuri, ila suruali ni ile ile.

Kila kitu kikaenda sawa. Akapanda darini, akashuka, akasema mbao nzuri. Umeme unawaka mpaka mchana. Halafu akasema anataka kuwaona wapangaji, ajue nyumba inaingiza nini kwa mwezi. Nikamwita Waya. Nilikuwa nimeshampanga: sema unalipa, na unalipa kwa wakati.

Akamuuliza, "Unalipa kiasi gani?" Mtoto akanitazama mimi, akamtazama yeye. Akasema, "Silipi. Bibi ananivumilia. Nimepata kazi kiwandani mara mbili, mara zote wananiambia leta cheti. Cheti changu kiko kabatini ofisini kwa mjukuu wake. Nilibakiza ada ya muhula wa mwisho."

Mimi nimesimama na sinia la chai mkononi. Nilitamani ardhi ipasuke, na nyumba iingie humo pamoja na kijana wa futi.

Alipoondoka nilimkalia Waya kooni. Kwa nini hukuniambia siku zote? Akasema, "Bibi, ningesemaje? Ni damu yako. Na kila ukija kunidai unaniambia nikamtazame mjukuu wako mfano, amejitengenezea maisha." Ni kweli nilikuwa nasema hivyo. Kwa sauti, tena, majirani wasikie.

Akaniambia hayuko peke yake. Kuna kabati zima.

Basi nimeelewa hesabu yako. Mtoto hana cheti, hapati kazi. Hana kazi, hakulipi wewe ada, wala mimi hanilipi pango. Wewe unakwenda benki unawaambia tazameni, nadai watu wengi, mimi tajiri. Benki wanasema vizuri, lete na nyumba ya bibi. Kwa hiyo mimi nadai, wewe unadai, benki wanadai, na ufunguo wa wote uko mfukoni mwako!

Fungua hilo kabati. Ukishafungua, ndiyo tutazungumza habari ya sahihi yangu.

Bibi.


Chuoni,
Jumanne, 25 Machi

Shikamoo Bibi,

Nimeisoma mara nyingi. Sina hasira na Waya. Alikuwa mwanafunzi mzuri.

Naomba unielewe upande huu. Kushika cheti mpaka ada iishe si uovu wangu, vyuo vyote vinafanya. Nisiposhika, nani atalipa? Nimewahi kumpa mmoja kwa huruma, akaniahidi kwa machozi. Siku hizi akiniona njiani anavuka barabara. Mishahara ya walimu ya Februari nimelipa nusu. Mwalimu wa kuchomelea ana watoto, anakuja kufundisha kwa miguu. Huyo naye ni mtoto wa mtu.

Na benki ni kama nilivyokueleza. Nikigawa vyeti, afisa atasema ada hizo hazidaiki tena, atazifuta, na mkopo utapungua au utakufa kabisa.

Hata hivyo nimekusikia. Suala la vyeti nimelishughulikia, usiwe na wasiwasi tena. Ripoti ya nyumba imetoka vizuri sana. Miadi ya benki ni Alhamisi, tarehe 3 Aprili, saa nne asubuhi. Njoo na hati halisi. Nitakupokea stendi mwenyewe. Umri wako na heshima yako vitasaidia pale ndani.

Mjukuu wako akupendaye.


Chuoni,
Ijumaa, 4 Aprili

Bibi,

Umenivua nguo mbele ya watu. Sijui nianze wapi.

Umesimama katikati ya benki, kalamu iko mkononi, afisa ameshafunua ukurasa wa sahihi, ukauliza habari ya cheti. Nikakupa cheti. Nilikuja nacho, kwenye bahasha safi, kwa ajili ya huyo huyo Waya wako. Nilidhani utafurahi. Ukakichukua, ukakiweka kwenye mkoba pamoja na hati yako, ukatoka. Hukusema hata kwaheri. Nikakukimbilia mpaka mlangoni, mlinzi anadhani nimekuibia.

Sasa afisa anasema ana maombi mengine mezani. Ametupa wiki mbili kwa huruma yake. Wakaguzi wanarudi mwisho wa mwezi. Nina vijana zaidi ya mia moja darasani asubuhi hii, wanapiga nyundo, hawajui chochote. Nikiwaambia chuo kimefungwa kwa sababu bibi yangu alinuna, watanielewa?

Ulitaka nini zaidi? Nilikuletea ulichokitaka.


Nyumbani,
Jumanne, 8 Aprili

Bwana Mkuu wa Chuo,

Sikununa. Ukinijua nikinuna utahama nchi.

Uliniandikia suala la vyeti umelishughulikia. Nikaamini. Niliamka na giza, nikavaa gauni la msiba wa babu yako kwa sababu ndilo la heshima nililonalo, nikapanda basi na hati ya nyumba kifuani, nimeifunga kwa khanga kama mtoto mchanga. Njia nzima najisemea, mjukuu wangu amefungua kabati, mjukuu wangu ana akili, sasa naweza kulala hata kama nyumba iko benki.

Nikakuuliza mbele ya yule afisa, "Vyeti viko wapi?" Ukatoa kimoja.

Kimoja! Cha mpangaji wangu. Hukukitoa kwa ajili yake wala kwa ajili ya wenzake. Ulikitoa kama mtu anavyomtupia mbwa mfupa ili apite uani. Ungenijibu pale, "Bibi, nimeshindwa, nimeogopa, vingine bado," huenda ningekaa. Lakini ulitabasamu. Nilipoona lile tabasamu nikajua, huyu akikosa rejesho la mwezi wa kwanza ataniandikia kwamba amelishughulikia. Wa pili, amelishughulikia. Nitakuja kuambiwa ukweli na dalali mwenye kengele.

Nakupenda, mjinga wewe. Ila siwezi kuweka nyumba mikononi mwa mtu anayenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Unasema usiposhika vyeti nani atalipa. Sijui. Wengine hawatalipa, nami sikudanganyi, nina wateja waliovaa sare zangu mpaka wakaoa na hawajanimalizia. Wanaumiza. Lakini sikuwahi kumvua mtoto kaptura mlangoni kwa shule.

Waya nimempa cheti chake jana jioni. Akainuka akaenda kufua, hakuna hata nguo chafu.

Bibi.


Kwa Mkuu wa Chuo,
Alhamisi, 10 Aprili

YAH: CHETI CHANGU

Shikamoo Mwalimu,

Nimekipokea cheti kwa mkono wa Bibi. Nakushukuru. Jana nimekwenda nacho kiwandani, wamenipokea, naanza Jumatatu kwa majaribio.

Naandika kwa sababu nakuheshimu, sipendi ushtukizwe. Wenzangu tuliomaliza pamoja wamejua. Wameniuliza nimelipa lini. Sikuweza kudanganya, nikasema sijalipa. Wakasema, kumbe kinachotakiwa ni kupanga kwa bibi wa Mkuu.

Wanakuja Jumatatu asubuhi, wote, na baadhi ya wazazi. Kuna wanaosema wataongea na wewe vizuri. Kuna wengine hawasemi hivyo, hasa wale vijana wa kuchomelea. Mimi nitakuwa kazini.

Deni langu nalikumbuka. Mshahara wa kwanza ni wa Bibi, amenivumilia kwa matusi lakini amenivumilia. Wa pili nitaanza kulipa chuo, kidogo kidogo. Sina zaidi ya neno langu.

Mwanafunzi wako wa zamani,
darasa la umeme.


Chuoni,
Alhamisi, 17 Aprili

Shikamoo Bibi,

Nakuandikia ili usitegemee maneno ya dereva, najua ameshakuambia nusu.

Walikuja Jumatatu kabla sijafungua ofisi. Walijaa uwanja mzima. Mlinzi aliniambia nipitie mlango wa nyuma niondoke, na Bibi, nilifika mpaka mlango wa nyuma. Nilishika komeo. Mwalimu wa kuchomelea alikuwa amesimama pale na kikombe chake cha chai, alinipisha tu, kama mtu anayempisha mgonjwa. Nikarudi.

Nilitoa meza nje nikafungua kabati. Niliwaita mmoja mmoja. Nilitaka kuwaambia maneno mengi kuhusu mishahara na benki, lakini wa kwanza alipoweka mkono mezani niliona kidole kimeungua, moto wa karakana yetu ile ile, nikashindwa. Nilisema tu, "Mnadaiwa. Mnajua mnadaiwa. Chukueni." Mama mmoja alinitukana huku anapokea. Kijana mmoja alilipa hapo hapo, chote, hela alikuwa nayo siku zote, alikuwa hataki tu kulipa. Wengine wameahidi. Wengine hata asante hawakusema. Mpaka saa saba kabati lilikuwa tupu.

Mchana huo huo nilikwenda benki mwenyewe, nikamwambia afisa kila kitu kabla hajasikia kwa mtu. Amezifuta zile ada zote kwenye hesabu. Mkopo umekatwa, haufiki nusu. Hauwezi kununua mashine nilizoomba. Nimewaandikia wakaguzi kwamba nitapunguza: karakana ya kuchomelea itachukua wanafunzi wachache, wanaotosha mashine zilizopo na hizo chache mpya. Wamekubali kwa maandishi. Walioko sasa watamaliza. Muhula ujao nitakataa watu mlangoni. Walimu wawili nimewaaga. Darasa la jioni halipo tena, labda mwakani.

Na benki bado wanataka nyumba. Nimeuliza kama kwa mkopo mdogo hivi wanaweza kuacha. Hawaachi.

Sasa nakuambia na sikupambi. Nikikosa marejesho mawili mfululizo wana haki ya kuiuza. Nimepiga hesabu nikiwa peke yangu, nimepiga tena na mhasibu. Kuna miezi miwili ya likizo ambayo sioni itatoka wapi. Nimekaa na hizo hesabu siku nzima, sioni. Naweza kukosea. Naogopa.

Miadi ni kesho kutwa, Jumamosi, wanafungua mpaka saa sita. Usipokuja nitaelewa, nitafunga chuo kwa utaratibu, na sitakulaumu. Hilo ni kweli, si la kukulainisha.

Mjukuu wako.


Nyumbani,
Ijumaa, 18 Aprili, mchana

Mume wangu mdogo,

Dereva anasubiri, ameweka basi la watu barabarani na abiria wananitukana dirishani, kwa hiyo naandika upesi.

Hiyo miezi miwili usiyoiona, hata mimi siioni. Nimeitafuta tangu barua ilipofika. Vyumba vya uani nikivipangisha vyote, na mimi nikahamia sebuleni, unapata kipande cha mwezi mmoja. Kipande. Kilichobaki hakipo, na tusijidanganye kwamba kitadondoka.

Shangazi yako nimemwambia mwenyewe kwa simu. Amelia, kama nilivyojua. Kisha amesema mambo ambayo hayakuwa machozi: ameniuliza nikiuziwa nyumba nitalala wapi. Nimemwambia nitalala kwako. Hakucheka. Usimpigie kwa sasa, mwache apoe.

Naogopa na mimi. Sijawahi kuogopa karatasi namna hii, na nimezika mume na mtoto. Jana jioni nilizunguka nyumba nagusa kuta kama mwehu. Waya kanikuta, kaniuliza natafuta nini. Nikamwambia aende zake akapumzike, ana kazi asubuhi.

Nitakuja. Si kwa sababu umefungua kabati, hilo ungelifanya zamani. Nakuja kwa sababu umeandika naogopa, na ndiyo barua yako ya kwanza niliyoisoma nikakuona.

Mwambie yule afisa anisomee ukurasa mmoja mmoja kwa sauti, pale ninapomuuliza asimame. Hata saa sita ipite, hata wafunge milango na mlinzi aende kula. Nitaandika jina langu nikishaelewa, si kabla. Na ukinisikia sauti inatetemeka usinishike mkono, nitakasirika.

Wewe usikae karibu naye. Kaa upande wangu wa meza.

Bibi yako.